Mzigo wa Wapagazi Wanane

Februari 1920 ndege ya gazeti la The Times la London ilitua Tabora, na haikuondoka tena. Ilikuwa Vickers Vimy Commercial, dude la mbao na kitambaa lenye mabawa ya ghorofa mbili na injini mbili za Rolls-Royce, lililopania kuwa la kwanza kuruka kutoka Cairo hadi Cape. Tarehe 27, wakati wa kuondoka, injini ikaishiwa nguvu, ndege ikaanguka na kuvunjika. Marubani wawili, Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, mafundi wao wawili, pamoja na mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell aliyekuwa akiwaandikia The Times habari za safari, wote walitoka hai. Safari iliyoanza Brooklands, Uingereza, tarehe 24 Januari ikaishia Unyamwezini.

Kiwanja cha Tabora kilikuwa kimoja kati ya viwanja 43 ambavyo Jeshi la Anga la Uingereza lilivifyeka mwaka 1919 kutoka Misri hadi Afrika Kusini. Kazi kubwa haikuwa miti bali vichuguu. Huko Ndola peke yake, vibarua 700 walihamisha takriban tani 25,000 za udongo wa mchwa kwa miezi kadhaa ili kupata uwanda wa kutosha gurudumu kupita. Yeyote aliyewahi kujenga nyumba Tabora au Sikonge anaijua kazi hiyo na halazimiki kuelezwa.

Siku chache baadaye Vimy nyingine, ya Waafrika Kusini Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, ilianguka Bulawayo, nayo ikiwa inaondoka. Miji hiyo miwili inafanana kwa jambo moja: yote imekaa juu ya uwanda wa katikati ya bara. Kiwanja cha ndege cha Tabora kiko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa hupungua uzito kiasi kwamba ndege huruka kana kwamba ipo mita 2,000 hivi. Bawa hupata hewa nyepesi ya kuegemea, propela hupata hewa nyepesi ya kusukuma, na injini isiyo na pampu ya kuisindilia hewa hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Vimy ile iliruhusiwa kubeba uzito wa jumla wa zaidi ya tani tano na nusu. Kwa mzigo huo, katika hewa nyepesi ya uwanda huu, injini ikisita kidogo tu hakuna tena nafasi ya kusahihisha.

Miaka mia na ushei imepita, na leo zipo ndege ambazo mtu huziagiza zikiwa vipande ndani ya masanduku, akaziunganisha mwenyewe nyuma ya nyumba, akaruka nazo yeye na abiria mmoja. Naamini ndege za namna hii zinawahusu watu wa Tabora, Urambo, Uvinza na Kigoma kuliko wanavyodhani. Naamini pia kwamba vijana wetu wenye ndoto ya kuunda ndege tunawapa sifa nyingi na msaada kidogo, na msaada wanaoukosa unajulikana.

Chukua mfano mmoja, Zenith CH 701. Aliyeibuni ni Chris Heintz, mhandisi aliyewahi kushiriki kazi ya Concorde huko Ufaransa kabla ya kuhamia Kanada na kuanza kuuza michoro na vipande vya ndege zake. CH 701 ilitoka mwaka 1986, na hadi leo seti zake hutengenezwa katika mji mdogo uitwao Mexico, jimboni Missouri, Marekani. Ina viti viwili vya kukaa sambamba, bawa la juu lenye urefu wa mita 8.2 kutoka ncha hadi ncha, na mwili wa bati la alumini. Mbele ya bawa kuna ukanda mwingine wa bati uliosimamishwa kwa nafasi ndogo, na hewa inayopenya katika nafasi hiyo hulifanya bawa liendelee kubeba hata ndege ikienda polepole sana, hadi kasi ya kilomita 50 hivi kwa saa. Usawa wa bahari, watengenezaji wanasema huruka baada ya kukimbia chini ya mita 40. Tabora mchana wa kiangazi itahitaji zaidi ya hapo, lakini hata ukizidisha mara tatu, bado unazungumzia kipande cha barabara ya vumbi, si kiwanja cha lami.

Uzito wake ikiwa tupu ni kama kilo 260.

Hesabu hiyo nimeirudia mara kadhaa, kwa sababu katika njia ya misafara uzito ulikuwa na kipimo chake. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, mwendo wa miezi mitatu hivi. Kilo 260 ni mizigo minane. Ndege nzima ya watu wawili, bila mafuta, ni mzigo wa wapagazi wanane, na wa tisa akachukua vikorokoro. Injini yake ya kilo 60 na kitu ingekwenda mzegamzega, wanaume wawili na mti mabegani. Bati refu la bawa lingewasumbua vichakani, hilo nakubali, lakini kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyezoea kuvusha pembe na majora ya nguo Ugogo angelipatia njia.

Wala vyombo vilivyofunguliwa vipande si vigeni katika njia hiyo. Mpelelezi Stanley alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874 alikuwa na mashua, Lady Alice, iliyoundwa kando ya Mto Thames kwa vipande vya kufunguka na kuunganishwa. Vipande hivyo vilipofika Unguja vilionekana kuwa mzigo usiobebeka, ikabidi fundi avipunguze kwanza. Ndiyo mashua iliyozunguka Ziwa Victoria mwaka 1875 na Ziwa Tanganyika mwaka uliofuata. Mwaka 1882 hadi 1883 baharia Edward Hore wa shirika la London Missionary Society alivusha mashua ya chuma, Morning Star, kutoka Saadani hadi Ujiji, ikiwa imegawanywa vipande na kuhudumiwa na mamia ya wapagazi. Kisha ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na juu ya reli hiyo Wajerumani wakapitisha meli nzima: Graf von Götzen, urefu wa mita 71, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku takriban 5,000, ikaja kuunganishwa Kigoma chini ya fundi Anton Rüter kwa msaada wa wenzake wawili kutoka Ujerumani na umati wa wafanyakazi wa hapa. Iliingia majini Februari 1915. Tunaijua kwa jina la Liemba.

Hata ndege za kwanza za kivita katika Ziwa Tanganyika zilikuja namna hiyo. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta upande wa Kongo ndege nne za Short za kutua majini, walizoazimwa na Waingereza, zikasafirishwa vipande kwa meli, treni na mto kutoka pwani ya Atlantiki, zikaunganishwa kando ya ziwa, zikaruka na kwenda kuipiga Kigoma mabomu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora.

Katika nyingi za habari hizo, mtu wa magharibi mwa Tanzania ndiye aliyebeba, ndiye aliyeshika nyundo, ndiye aliyeshikilia kipande cha pili wakati ribiti inapigwa. Mchoro ulikuwa wa mwingine. Sasa mchoro unauzwa. Hilo ndilo badiliko kubwa, na sioni likizungumzwa.

Kazi yenyewe ikoje? Seti inapofunguliwa unakutana na mabati yaliyokwisha kukatwa na kukunjwa, vyuma vya pembe, waya za usukani, magurudumu, vifuko vya ribiti vyenye namba, na kitabu cha michoro. Kazi huanzia mkiani. Unalaza ubavu wa bati juu ya meza iliyonyooka, unapima umbali wa matundu, unatoboa la kwanza kwa drili, unatia kishikizo cha muda cha springi ili bati lisicheze, kisha unaenda tundu la mbali zaidi, kisha la katikati, mpaka mstari mzima umeshikwa. Usipofanya hivyo, ukitoboa kwa kufuatana tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, bati husogea kidogo kidogo, na ukifika tundu la mwisho unakuta bawa limepinda.

Halafu unavifungua vyote tena. Hapa ndipo wengi wanachoka. Kila tundu lina ukingo wa makali ulioachwa na drili, na ukingo huo ukibaki, bati halikai juu ya bati. Zaidi ya hapo, katika makali hayo ndiko ufa huanzia baada ya mamia ya saa za mtikisiko. Kwa hiyo unazungushia kila tundu ncha ya chombo kidogo kuyaondoa, pande zote mbili, maelfu ya matundu. Unafuta vumbi, unapaka rangi ya kuzuia kutu sehemu zinazogusana, unarudisha vishikizo, ndipo unapiga ribiti. Ribiti za CH 701 ni za kuvuta kutoka upande mmoja, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuipiga peke yake bila msaidizi wa kushika chuma ndani. Kazi nzima inakadiriwa kuchukua saa 400 hadi 500 kwa mtu aliye makini. Kwa fundi anayefanya jioni na Jumamosi, hiyo ni kazi ya miezi mingi.

Injini ndiyo sehemu ambayo haiundwi nyumbani. Iliyozoeleka ni Rotax 912 ya Austria, silinda nne, nguvu farasi 80 au 100, vichwa vyake vikipozwa kwa maji na silinda kwa hewa. Huzunguka haraka, hadi mara 5,800 kwa dakika, mwendo ambao propela haiuwezi, kwani ncha zake zingekaribia kasi ya sauti na kupoteza msukumo kwa kelele. Kwa hiyo mbele ya injini kuna giaboksi inayogawanya mwendo, kwa 2.43 katika ile ya farasi 100, propela ikapata mizunguko isiyofika 2,400. Faida nyingine ni kwamba Rotax hunywa petroli ya magari isiyo na risasi, mradi iwe ya kiwango kinachotakiwa na ichujwe vizuri isiwe na maji. Mikoani, ambako petroli maalumu ya ndege ndogo ni ya kutafuta kwa tochi, hiyo si faida ndogo. Tatizo ni bei. Injini mpya peke yake hukaribia bei ya vipande vyote vingine vya ndege, na mara nyingine huizidi.

Bei hiyo ndiyo inayowasukuma mafundi wengi wa Afrika Mashariki kwenye injini ya gari. Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, Kenya, alijulikana mwaka 2010 kwa ndege ya viti viwili aliyoiunda nyumbani kwa kusoma intaneti, akitumia injini ya Toyota. Taarifa za wakati ule zilisema ndege hiyo ilifika kilo 800 hivi. Kampala, mwaka 2011, Chris Nsamba na kikundi chake cha vijana wa kujitolea walionyesha ulimwengu African Skyhawk, ndege ya viti viwili iliyoundwa uani kwa mama yake. Tunduma, fundi wa magari aliunda helikopta, na picha zake zikazunguka nchi nzima. Nawaheshimu watu hawa wote. Mtu anayetoa akiba yake na miaka yake kuunda chombo ambacho majirani wanakicheka ana kitu ambacho hakifundishwi.

Lakini tazama kilo 800, kisha tazama kilo 260. Tofauti hiyo haitokani na upungufu wa akili Nyeri wala wingi wa akili Missouri. Inatokana na miaka ya mtu kuvunja mabawa makusudi kwa magunia ya mchanga, kupima lilivunjikia wapi, kupunguza bati hapa na kuongeza pale, kisha kuandika matokeo ili anayefuata asianze upya. Injini ya gari ina uzito uliokusudiwa kubebwa na barabara. Chuma cha dirisha kina uzito uliokusudiwa kuzuia mwizi. Ndege haivumilii uzito wa kukadiria kwa macho. Kijana anayeanza na karatasi tupu anajitwisha kazi ya vizazi vitatu vya wahandisi, na sisi waandishi tunampiga picha, tunamwita mbunifu, tunaondoka. Mwaka unaofuata chombo kimeota majani. Hilo linaniuma, kwa sababu mkono uliounda chombo kile ungeweza kabisa kuunda ndege inayoruka.

Ghana walipita njia nyingine. Kwenye kiwanja kidogo cha Kpong, Patricia Mawuli alianza kwa kazi ya kusafisha uwanja, akajifunza kuunganisha ndege za seti, CH 701 zikiwamo, akapata mafunzo rasmi ya injini za Rotax, akawa rubani, na baadaye akawafundisha wasichana wengine kazi hiyohiyo. Afrika Kusini, mwaka 2019, vijana 20 wa shule waliunganisha kwa wiki tatu ndege ya Sling 4, ya viti vinne, kutoka seti iliyoundwa nchini mwao. Kiongozi wao, Megan Werner, alikuwa na miaka 17. Ndege hiyo ilitoka Cape Town ikafika Cairo, ikipitia Malawi, Zanzibar na Uganda miongoni mwa vituo vyake. Ndugu yake mdogo wa viti viwili, Sling 2, alikuwa amekwisha kuzunguka dunia mwaka 2009 mikononi mwa watengenezaji wake, Mike Blyth na James Pitman. Njia ya Cairo na Cape iliyoishia Tabora mwaka 1920 imekamilishwa na watoto wa shule, kwa chombo walichokiunganisha wenyewe. Hawakubuni bawa. Walifuata mchoro uliopimwa, wakakaguliwa.

Na kwetu? Mwaka 2024 Watanzania walionyeshwa Skyleader 600, ndege ya viti viwili ya mwili wa bati, yenye injini ya Rotax na uzito wa juu wa kilo 600 ikiwa na mafuta na watu, iliyounganishwa Morogoro na kampuni ya Airplane Africa Limited; asili ya ndege hiyo ni Ucheki. Wapo waliobeza kwamba vipande vinatoka nje. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Liemba vipande vyake vilitoka nje, na hadi leo hakuna anayesema si chombo chetu. Kinachonivutia ni kwamba Morogoro iko juu ya Reli ya Kati ileile inayopita Tabora, na kijana wa Nzega au Kaliua anayetaka kuona jinsi ribiti ya ndege inavyopigwa halazimiki tena kutafuta viza.

Sheria si adui kama inavyosemwa vijiweni. Kila ndege inayoruka Tanzania lazima iandikishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ipewe alama inayoanza na 5H, na iwe na cheti au kibali kinachosema inafaa kuruka. Nchi za Afrika Mashariki zina wakala wa pamoja wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, unaosaidia kuoanisha kanuni hizo. Katika nchi nyingi ndege ya kujiundia huwekwa katika kundi lake: hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa, na huruka kwa masharti. Marekani, mjenzi huonyesha kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ameifanya mwenyewe kwa kujifunza au kujifurahisha, ndege hukaguliwa, kisha hurushwa saa 25 hadi 40 katika eneo lililotengwa bila abiria. Lakini kilicho kizuri zaidi huko hakimo kwenye sheria. Chama cha wajenzi wa ndege, EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953, kina washauri wa kujitolea wanaokwenda nyumbani kwa mjenzi na kutazama bawa kabla halijafungwa bati la mwisho, maana likishafungwa hakuna ajuaye kilichomo. Huyo mshauri ndiye ambaye fundi wa Tunduma na mtaalamu wa Nyeri hawakuwa naye tangu siku ya kwanza. Mkaguzi anayekuja chombo kikiwa kimekwisha ana neno moja tu la kusema, nalo ni hapana. Anayekuja kukiwa na ubavu mmoja mezani ana mengi ya kufundisha.

Hatari ipo, na itajwe kwa tarakimu. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kuwa ndege za kujiundia zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege binafsi nchini humo, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali zote na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Nyingi zilitokana na injini kuzima au rubani kushindwa kuimudu ndege, na mara nyingi katika saa za mwanzo kabisa za ndege au za mmiliki mpya. Ndiyo maana mtu aliyeiunda ndege si lazima awe wa kwanza kuirusha. Juu ya miombo ya Tabora kuna hatari ya ziada, kwani injini ikizima chini ni miti mitupu. Hapo mwendo wa polepole ni uhai. Kishindo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kugusa miti kwa kilomita 50 kwa saa ni robo tu ya kishindo cha kilomita 100.

Ndege ya namna hii ingefanya nini huku? Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba 76,151, na sehemu kubwa ni misitu, mbuga na maji. Eneo la Mto Ugalla lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kaskazini magharibi yake yapo mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000, ambako masika hufuta barabara zote. Tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na tulilijua hilo kwa sababu watu waliwahesabu kutoka kwenye ndege ndogo. Huko Kruger, Afrika Kusini, askari wa wanyamapori wametumia Bat Hawk, ndege ya wazi ya viti viwili inayoundwa nchini mwao, kufuatilia majangili kwa mwendo wa polepole na gharama ndogo. Moto wa msituni unaoteketeza mizinga ya wafuga nyuki wa Sikonge huonekana angani saa nyingi kabla haujaonekana barabarani. Kazi hizi zinahitaji vibali vya ziada na marubani wenye leseni, sawa. Lakini zinahitaji kwanza fundi aliye karibu, anayeweza kuiona ndege imekwaruzwa na kisiki Ugalla akajua ubavu upi umeumia, kwa sababu ubavu wa namna hiyo aliupiga ribiti kwa mkono wake.

Tabora ina watu wa kuanzia. Ina chuo cha VETA, ina chuo cha reli, ina mafundi wa karakana wanaojua kwamba chuma kilichofungwa vibaya huua mtu asiyekuwepo wakati kinafungwa. Na hawalazimiki kuanza na ndege nzima. Zenith huuza usukani wa mkia peke yake, seti ndogo ya mabati machache na kifuko cha ribiti, ambayo mtu asiyewahi kushika kazi hiyo huimaliza kwa siku mbili akielekezwa. Inatosha juu ya meza moja ya karakana. Mwalimu wa uchomeleaji na mabati aweza kuisimamia pamoja na wanafunzi wanne, akamwalika mhandisi wa ndege mmoja kutoka Morogoro au Dar es Salaam aje na treni, akae nao siku hizo mbili, apitishe kidole kila tundu kabla ribiti haijaingia, na aseme lipi lirudiwe.